Mlango wa Kijani wa Mjomba

Nyumba yangu iko Mji Mpya, Morogoro: vyumba sita vinavyotazamana na uani, choo cha nje, na mwembe ambao wapangaji wanaugombania kila Desemba. Sikuijenga mimi. Aliijenga mjomba mwaka 1968, akiwa fundi wa reli, na kwa kuwa sisi Waluguru ukoo tunauhesabu kwa mama, alipofariki nyumba ilirudi kwa dada yake, ambaye ni mama yangu, na kutoka kwa mama ikanifikia mimi. Wana wa mjomba walinuna, vikao vikakaa, yakaisha.

Mjomba alikuwa na ugonjwa wa rangi ya kijani. Milango yote sita, fremu zake, mbao za madirisha, nguzo mbili za barazani, vyote alivipaka kijani cha mafuta, kile kizito kinachong'aa kama jani la mgomba baada ya mvua. Kuta hakuzijali, alizipiga chokaa kila Krismasi, basi. Lakini mlango ukichubuka tu, anatoa kopo. Koti juu ya koti, mwaka hata mwaka, mpaka skrubu za bawaba zikawa hazionekani.

Nilistaafu uuguzi mwaka 2018. Julai ya mwaka uliofuata, kiangazi kimekaza, nikachota sehemu ya kiinua mgongo nikaanza kuitengeneza nyumba. Fundi rangi alikuja na vijana wawili, misasa, na ile mashine ya kusagia wanayoiita grainda. Siku tatu walikwangua kijani cha mjomba. Vumbi lilisimama uani kama uko mashineni siku ya kusaga mahindi; likaingia kwenye ndoo za maji, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye sufuria ya uji ya mpangaji wa chumba namba nne. Mpangaji huyo alikuwa na mtoto wa miezi kumi, ndiyo kwanza anatambaa. Mtoto akaokota kipande cha rangi kilichobanduka, kikubwa kama ukucha wa dole gumba, akakitia mdomoni. Mama yake akakitoa. Akaokota kingine. Mimi, muuguzi wa miaka thelathini na nne, nilikuwa nimekaa chini ya mwembe na kikombe cha chai, nikasema, "Mnawishe tu mikono, hakuna neno."

Kuku nao walikuwa wakidonoa.

Milango minne ilikwanguliwa ikapakwa upya. Miwili, namba mbili na namba sita, ilibaki kwa sababu hela ziliisha. Sikujua wakati ule kwamba ufukara ndio ulionisaidia.

Miezi michache baadaye mtoto wa dada yangu alinipigia simu kutoka Baltimore, Marekani. Huko amenunua nyumba ya zamani, anakaa chini na ghorofa ya juu anapangisha. Alikuwa analalamika. "Mama mdogo, huku huwezi kumkabidhi mpangaji ufunguo kabla mkaguzi wa rangi hajapita." Nikadhani nimesikia vibaya. Mkaguzi wa choo namfahamu, bwana afya nimefanya naye kazi; wa rangi wa nini?

Akanieleza. Jimbo la Maryland, ambamo Baltimore imo, linataka nyumba yoyote ya kupangisha iliyojengwa kabla ya 1978 isajiliwe kwenye idara ya mazingira ya jimbo, na usajili uhuishwe kila mwaka. Kila mpangaji mmoja anapotoka na mwingine anataka kuingia, mkaguzi mwenye leseni anakuja kwanza. Anatazama kama rangi imebanduka popote, kisha anapangusa sakafu na kingo za madirisha kwa kitambaa chenye unyevu, kitambaa kinapelekwa maabara kutafutwa vumbi la risasi. Wengine wanakuja na chombo kama bastola, wanakigusisha ukutani, kinarusha miale ya eksirei na kusoma risasi hata iliyofukiwa chini ya koti kumi. Nyumba ikionekana haina kabisa inapewa cheti, na mwenyewe anapumua. Mpangaji naye anapewa kijitabu kinachomweleza madhara na haki zake. Mwaka 1978 ndipo Marekani nzima ilipopiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi nyingi. Baltimore walikwisha kuzikataza ndani ya nyumba tangu 1951. Yaani mjomba anachovya brashi yake ya kwanza kwenye kijani, wenzetu wana miaka kumi na saba tangu wakataze.

Nikacheka. Kusajili nyumba kwa sababu ya rangi!

"Usicheke, mama mdogo. Milango ya mjomba uliifanyaje?"

Kicheko kikanikauka kooni.

Risasi hii ni metali laini, nzito, ya kijivu, ile ile iliyomo ndani ya betri za magari. Watengenezaji hawakuitia kwenye rangi kwa uovu. Inaharakisha rangi ya mafuta kukauka, inazuia kutu, na inatoa rangi kali zisizopauka juani: njano, chungwa, nyekundu. Ile njano inayotokana na risasi na kromu ikichanganywa na bluu inazaa kijani cha aina ya kile cha mjomba. Kwa hiyo adui si kila rangi iliyo ukutani. Rangi ya maji, hii ya kupaka kuta, kwa kawaida haina shida hiyo. Chokaa haina. Udongo mwekundu ambao bibi zetu Matombo walikandikia nyumba na kuusugua kwa kiganja hauna kopo wala kiwanda. Shida iko kwenye rangi ya mafuta: mlango, dirisha, geti, grili, kitanda cha chuma, bembea za watoto, madawati.

Na mlango ni mbaya kuliko ukuta kwa sababu unatembea. Masika ya Morogoro mbao zinavimba, mlango unaanza kusugua fremu, mpangaji anausukuma kwa bega asubuhi na jioni. Kila unapofunguliwa unadondosha unga ambao jicho halioni. Unga unatua kizingitini, na kizingitini ndipo mtoto anapokaa kumtazama mama yake akipika.

Sasa niseme kama muuguzi. Mwili hauijui risasi, unaidhania kalsiamu. Mifupa inaipokea kama mgeni wa heshima na kuilaza humo kwa miaka. Mwanamke akishika mimba, mifupa inapotoa kalsiamu kumpa mtoto tumboni, inatoa na risasi ile ya zamani. Mtoto mdogo akimeza kiasi kile kile alichomeza mtu mzima, mwili wake unanyonya mara nne hadi tano zaidi, na inamwendea ubongoni wakati ubongo ndio unajengwa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Kinachotisha zaidi ni ukimya wake. Mtoto hana homa. Anapungukiwa damu kidogo, tumbo linamsokota, choo kigumu, ana hasira, shuleni hashiki anachofundishwa. Miaka yangu wodini mtoto wa namna hiyo tulimpa dawa ya minyoo na vidonge vya madini ya chuma, tukamwambia mama yake amlishe vizuri. Ushauri huo wa chakula, angalau, haukuwa mbaya: mwenye chuma na kalsiamu ya kutosha mwilini anainyonya risasi kidogo, kwa hiyo dagaa na mboga za majani za Mgeta zina kazi kuliko tunavyozisifia. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza, "Mlango wa kwenu una rangi gani?"

Kuna jingine ambalo wanawake tunalijua na hatulisemi mbele ya madaktari. Mjamzito anatamani udongo. Akikosa pemba dukani anamega ukuta. Ukuta wa udongo mtupu ni suala moja. Uliopakwa rangi ya mafuta miaka ya nyuma ni suala lingine.

Mwaka 2020 UNICEF, pamoja na shirika la Pure Earth, walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, ana risasi kwenye damu kufikia au kuzidi mikrogramu 5 kwa desilita. Rangi si chanzo pekee. Wanaovunja betri chakavu uani, sufuria zinazosubiwa kwa vyuma vya kuokoteza, vyote vimo. Watu wa Mombasa wanalijua jambo hili kwa machungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi jirani na nyumba za watu, Phyllis Omido, mfanyakazi wake wa zamani ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, akasimama akapiga kelele mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na Desemba 2024, baada ya rufaa kupanda na kushuka, Mahakama ya Juu ikasimama upande wao. Ila kiwanda kina moshi, kina mwenyewe, unaweza kukishtaki. Mlango utaushtaki vipi?

Wa kwanza kuushtaki mlango, au tuseme baraza, alikuwa daktari wa macho wa Brisbane, Australia, aliyeitwa Gibson. Watoto walikuwa wanaletwa kwake macho yamepinda, miguu imelegea. Mwaka 1904 aliandika kwamba sumu yao inatoka kwenye rangi ya mbao za barazani, iliyopigwa na jua ikageuka unga, na watoto wanashika mbao zile kisha wanakula kucha. Wengi hawakumwamini. Ilikuwa miaka mitatu kabla reli haijafika Morogoro. Nikitazama nguzo mbili za baraza letu, jinsi zilivyokuwa zinaacha unga mkononi ukiziegemea, namfikiria mzee yule kwa heshima, na naona haya.

Basi nikajiuliza: nyumba hii ya mjomba inajulikana wapi? Inajulikana sana. Mwenyekiti wa mtaa anaijua, mikataba ya pango tunasainia mbele yake. TRA inataka kodi yake ya pango. Kodi ya jengo tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, tangu 2023 ni 1,500, kwa hiyo hata mita ya umeme inajua kwamba nyumba ipo. Bwana afya, kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, anaweza kuingia kukagua choo na msongamano. Karatasi zote hizo nimezipitia moja moja na miwani yangu. Hakuna hata moja inayouliza mlango umepakwa nini, mwaka gani.

Sisi ulinzi tumeuweka kwenye kopo, hatukuuweka kwenye nyumba. Wanaosajiliwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, kwa sheria ya kemikali ya mwaka 2003, ni wanaotengeneza, kuingiza na kuuza kemikali. TBS inashughulika na viwango, na viwango vya rangi vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinataka risasi isizidi sehemu 90 katika milioni, sawa na kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa. Sehemu 90 katika milioni ni maneno ya maabara. Nimeyapigia hesabu ya jikoni. Kopo la lita nne la rangi ya mafuta lina uzito wa kama kilo tano. Kopo zima lisizidi karibu nusu gramu ya risasi, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Ziko rangi zilizopimwa huku Afrika zikakutwa na sehemu zaidi ya 10,000. Hizo ni gramu 50 ndani ya kopo hilo hilo, kiganja kizima. Taasisi ya AGENDA ya Dar es Salaam imepima mara kadhaa rangi za mafuta zinazouzwa nchini, na baadhi zilikutwa juu mno ya kikomo hicho, hasa zile zenye rangi kali.

Kinga ya namna hii ina mantiki, sikatai. Ukiziba chemchemi juu mlimani huna haja ya kuchota kwa kata mtoni. Lakini inaangalia makopo ya kesho. Kijani cha mjomba kilikwisha kutoka kwenye kopo zamani.

Nikaenda dukani kununua rangi ya kufunikia ile milango miwili. Nilipita maduka matatu. La kwanza nilimuuliza kijana, "Mwanangu, hii ina risasi?" Akanitazama, akamtazama mwenzake, akasema, "Shikamoo bibi. Risasi labda uende Mzinga." Duka zima likacheka, nami nikacheka, maana kweli Mzinga ndiko kiwanda cha jeshi kilipo na neno letu ni moja kwa vitu vyote viwili. Duka la pili walinihakikishia kwamba yao haina harufu, jambo ambalo sikuuliza. La tatu mwenye duka mwenyewe, mzee wa makamo, aligeuza kopo, akanionyesha maandishi madogo yanayosema haikuongezwa risasi, na alama ya TBS, akasema, "Mama, nunua yenye maneno haya, na chagua nyeupe au rangi iliyopoa. Njano kali ya bei chee iache hapo hapo." Nilimwamini kwa sababu hiyo njano kali ilikuwa yake mwenyewe rafuni.

Fundi niliyempata safari hii alikuwa mtu mzima, na yeye ndiye aliyenifundisha mengi kuliko simu ya Baltimore. Aliniambia ameanza kazi ya rangi utotoni, akikwangua mageti kwa msasa mkavu bila hata leso puani, jioni anakula kwa mikono ile ile. Mafundi ndio wanaoipata kwanza, na dunia inajua: Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba mwaka 1921 kuzuia rangi nyeupe ya risasi isipakwe ndani ya majengo, kwa ajili ya afya ya wapakaji. Nilipomtajia mwaka, fundi alitikisa kichwa. "Elfu moja mia tisa ishirini na moja, mama? Na mimi mpaka leo sijanunuliwa hata barakoa."

Akaniuliza kama nataka redoksaidi kwenye grili. Nikaruka. Akanituliza: redoksaidi ya kawaida, ile ya rangi ya matofali, ni kutu ya chuma iliyosagwa, haina neno. Ya kuogopa ni ile ya zamani yenye wekundu wa kuelekea chungwa, waliyokuwa wakipaka madaraja na meli. Wauzaji na mafundi wanazichanganya majina, ndiyo maana macho yasome kopo, siyo mdomo wa muuzaji.

Milango miwili hatukuikwangua. Hili nilitamani nilijue mwaka 2019: rangi ya zamani iliyoshika vizuri, isiyopasuka, haina haraka ya kuondolewa. Inafunikwa. Palipokuwa pamebanduka fundi alipalowesha kwanza kwa maji, akasugua kwa msasa wa maji, taratibu, turubai limetandikwa chini, wapangaji wenye watoto wameondoka kwa siku mbili (mmoja nilimlipia nauli ya kwenda kwao Kinole na kurudi, akapata sababu ya kula magimbi ya mama yake). Grainda ilibaki kwenye gunia. Moto wa kubabua rangi nao marufuku, maana mvuke wake ni sumu zaidi ya vumbi. Tulipomaliza hatukufagia, tulipiga deki mara mbili kwa maji na sabuni, turubai likakunjwa na uchafu wake ndani. Mlango wa namba mbili uliokuwa unasugua aliupiga randa pembeni, mbao imelowa chapachapa, ukafunga bila kelele kwa mara ya kwanza tangu mjomba awe hai.

Uani nako kulikuwa na deni la 2019. Nilikwangua udongo wa juu mbele ya ile milango minne, nikautia kwenye viroba, nikamwaga zege barazani na kifusi kisafi kwingine. Kuku niliwagawa. Majirani walisema bibi amechanganyikiwa.

Mtoto wa chumba namba nne amekwisha kuanza shule. Wamehamia Kihonda. Nikikutana na mama yake soko la Chifu Kingalu ananisimulia kwamba anasoma vizuri, na mimi namnunulia mtoto mboga anazopenda na zile asizozipenda.

Kilichobaki ni daftari. Ni daftari la kawaida la shule, nimeliandika juu "Rangi", linakaa pamoja na risiti za LUKU. Kila chumba kina ukurasa wake: mlango umepakwa lini, rangi gani, maandishi ya kwenye kopo yanasemaje, nani alipaka, chini yake kuna nini. Mkataba wangu wa pango nao umeongezeka kifungu. Mjini kwetu mpangaji akihamia mara nyingi anapaka chumba mwenyewe, kwa kopo alilolipata kwa bei aliyoiweza. Sasa anayetaka kupaka milango au madirisha ananiambia kwanza, kopo naona, na tofauti ya bei nalipa mimi. Stashenari walionichapia walinirudishia karatasi mara mbili wakidhani nimekosea kuandika.

Mwezi uliopita alikuja mwalimu mmoja, mimba ya miezi saba, anatafuta chumba. Vilikuwa wazi viwili, namba mbili na namba tano. Namba mbili ni kikubwa na upepo wa Uluguru unaingia dirishani jioni. Watu wote wanakitaka. Nikampa daftari. Alisoma akiwa amesimama, kidole kinafuata mistari kama anasahihisha insha. Akafika mahali nilipoandika kwa wino mwekundu: "Chini kuna kijani cha mjomba. Usikwangue. Kisipigwe misumari."

"Mama, hiki kijani ndiyo nini?"

Nikamweleza, kwa kifupi kuliko nilivyoeleza hapa. Akagusa mlango kwa ncha ya kidole, akakitazama kidole, akakifuta kwenye leso yake.

"Na namba tano?"

"Mbao mpya. Niliing'oa fremu yote."

Akachukua namba tano, na bei akanishusha elfu tano kwa mwezi kwa sababu ya udogo wake. Kisha akaomba kalamu, akafungua ukurasa wa chumba chake, akaandika mwenyewe tarehe.